Unga wa Mzee Chumvi

Mzee Chumvi alikuwa na jina lake la kuzaliwa kama watu wote, lakini tangu mwenye duka alipombandika hilo la pili, lile la kwanza likabaki la kwenye kitambulisho tu. Sababu yake haikufichika. Mtu huyu hakuwa akinunua kitu cha kula dukani isipokuwa chumvi. Hiyo nayo aliinunua shingo upande, na kila mara alitoa maelezo ambayo hakuna aliyemwomba: "Chumvi hailimwi. Ingekuwa inalimwa, usingeniona hapa."

Vingine vyote vilitoka shambani kwake. Shamba lenyewe halikuwa la kutisha kwa ukubwa. Mtu mwenye haraka angelizunguka lote kabla jasho halijamtoka. Lakini humo mlikuwa na maharage, viazi, vitunguu na nyanya ambazo mkewe alizikata na kuzianika juu ya bati. Mlikuwa na alizeti, ambayo waliikamua wenyewe kwa mashine ya kuzungusha kwa mkono, kazi ya kuvunja mabega. Mlikuwa na ng'ombe mmoja mkorofi aliyewapa maziwa ya kunywa, ya kugandisha na ya siagi. Mizinga ya nyuki ilikaa nyuma ya choo. Watu walimcheka kwa hilo, naye akawajibu kwamba nyuki hawachagui jirani.

Mgeni akila kwake ilikuwa lazima ahubiriwe. "Hicho unachotafuna," mzee angesema akimtazama mgeni mdomoni, "hakuna aliyekigusa ila mimi na mama huyu. Hakijapanda lori. Hakijalala ghalani kwa mtu." Mgeni atafanya nini? Hutikisa kichwa, humeza, huomba maji. Mkewe naye, ambaye ndiye aliyekuwa amekamua, amekata, ameanika na amepika, alikaa kimya akisubiri mahubiri yaishe ili aondoe sahani.

Lakini kilichomvimbisha kichwa kuliko vyote kilikuwa mahindi. Jiko lao lilikuwa kijumba cha pembeni, kuta za udongo, na juu ya mafiga palikuwa na dari ya miti iliyopangwa kwa kuachiana nafasi. Baba yake ndiye aliyeijenga. Kila mwaka mahindi yalipandishwa huko baada ya kuvunwa, na kila mwaka yalidumu hadi mavuno mengine, makavu, bila mdudu. Ya majirani yalitobolewa au yakaota ukungu. Ya kwake yaligeuka rangi kidogo tu kuwa ya kahawia, na uji wake ulikuwa na harufu ya moshi kwa mbali, harufu ambayo watoto wake watu wazima walisema wanaiota huko mjini.

"Siri yake nini, mzee?" watu walimwuliza.

Naye aliwaonyesha kiganja. "Mkono," alisema.

Aliamini hivyo kwa roho safi. Alijua kupanga mahindi, alijua kupekua na kutupa lililooza, na aliamka mapema kuliko wote. Wengine, kwa maoni yake, walikuwa wavivu, na ndiyo maana wakaishia kununua unga wa pakiti wenye picha. Kuhusu pakiti hakuwa na simile. Aliita unga ule karatasi.

Tatizo la jiko lile lilikuwa moja, nalo lilikuwa kifua cha mkewe. Mama huyu alikuwa ameinamia mafiga yale tangu alipoletwa pale akiwa mwari, na moshi ulikuwa umemwingia hadi ukamkalia. Alikohoa asubuhi akiwasha moto, alikohoa jioni, na usiku alikaa kitandani akiwa ameegemea ukuta kwa sababu akilala chali pumzi zilimkatika. Mzee alimsikia. Alikuwa akigeukia upande wa pili na kujifanya amelala, kwa kuwa hakujua la kufanya, na mtu wa namna yake hapendi kukaa macho na jambo asilolijua.

Aliyelijua la kufanya alikuwa kitinda mimba wao, binti anayeshona sare kiwandani huko mjini. Alikuja likizo tumbo likiwa limeshaanza kuonekana, na nyuma yake kijana wa pikipiki amebeba jiko la gesi na mtungi wake.

"Moto wa kununua?" baba yake aliuliza.

"Ndiyo, baba. Wa kununua."

"Sisi tuna kuni hadi nyuma ya nyumba."

"Kuni ziko, nimeziona. Kifua cha mama je, umekiona?"

Mzee alitazama kando. Hakusema ndiyo wala hakusema hapana, na kwa mtu yule hiyo ilikuwa ndiyo kubwa. Jiko likawekwa. Kabla msimu haujaisha kikohozi kikapungua, kisha kikaisha kabisa, na mama akaanza kulala chali kama watu. Mzee alifurahi hadi akachukua chokaa akapaka kuta za jiko, ambazo zilikuwa nyeusi tangu enzi za baba yake. Alikwangua masizi yaliyoning'inia, akafagia, akatoka nje na kurudi kulitazama jiko lake jeupe. Watu walioingia wakasema sasa hapa panang'aa.

Wote walitazama kuta. Hakuna aliyetazama juu.

Mwaka ule mvua haikujua kuondoka. Mzee alivuna mahindi yakiwa bado na unyevu, akayaanika kila jua lilipochungulia, kisha akayapandisha darini akiwa na amani moyoni, kwa sababu miaka mingine pia aliwahi kuyapandisha hivyo na hayakumfanya kitu. Miaka hiyo mingine, chini ya dari kulikuwa na moto.

Mjukuu akazaliwa, wa kiume, na simu ya mzee ikapata kazi. Kabla ya hapo ilikuwa ya kupokea habari za misiba tu. Sasa alipiga mwenyewe kila alipopata chaji. "Mume mwenzangu hajambo?" aliuliza, maana bibi wa mtoto ndiye mke waliyegombania, na mkewe akisikia utani ule alifunika mdomo kwa ukingo wa kanga. Mtoto alipofika umri wa kuonjeshwa uji, binti alitaja bila kufikiri kwamba amenunua unga wa watoto, wa pakiti, una lishe.

Mzee alikata simu. Kesho yake binti alipopiga hakupokea, na keshokutwa pia hakupokea. Alipopokea hatimaye, sauti yake ilikuwa ya chini, na hiyo ndiyo iliyokuwa mbaya zaidi.

"Mimi nimelima maisha yangu yote," alisema. "Nimekulisha wewe na kaka zako, hakuna aliyelala njaa, hakuna aliyekula karatasi. Leo mjukuu wangu wa kwanza wa kwako ndiye aanze na karatasi?"

"Nisamehe, baba," binti alisema.

Mzee akapanda darini jioni ile ile, akajaza kikapu kwa kupapasa, akapukuchua, akapeleka mashineni. Unga ukatiwa ndani ya mfuko wa kitambaa alioushona mkewe, ukapelekwa mjini na dereva wa lori la mboga. Na tangu hapo habari zikawa njema. "Amemaliza kikombe, baba." "Leo kalilia kingine, baba." Mzee aliweka simu kifuani akacheka peke yake. Alimhadithia msagaji, akamhadithia mwenye duka, ambaye hakuwa amemwuliza.

Basi asubuhi moja yenye manyunyu mkewe akamwambia mahindi ya kula ndani yameisha, alete mengine. Mzee akaweka ngazi na kupanda. Mahindi ya mbele yalionekana salama. Akaingiza mkono ndani zaidi, kule katikati ya rundo, na mkono ukakutana na joto.

Alibaki hivyo hivyo juu ya ngazi, mkono umezama hadi kwenye kiwiko. Mahindi hayana sababu ya kuwa na joto. Akavuta hindi moja. Punje zilikuwa zimeshikana, na katikati ya mistari yake kulikuwa na unga wa kijani, laini, ukamganda vidoleni. Akavuta jingine, likawa hivyo hivyo. Akavuta la upande wa mlangoni, pale alipochota ile jioni, na hilo kwa nje lilikuwa zuri kabisa, lakini alipolivunja, kitovu chake kilikuwa kijani.

Harufu ikamfikia ikiwa imechelewa, harufu ya nguo zilizosahauliwa ndani ya beseni. Akashika boriti. Ilikuwa safi, kavu, haina hata uzi mmoja wa masizi. Akatazama chini, akaliona jiko la gesi limekaa mahali pa mafiga, limefutwa likameta, na hapo ndipo akili yake ilipofungua mlango ambao haikuwahi kuufungua. Haukuwa mkono. Maisha yake yote haukuwa mkono. Ulikuwa moshi.

"Vipi huko?" mkewe aliuliza kutoka chini.

Mzee akamrushia hindi lililovunjika. Mama akaliokota, akalinusa, akalipeleka mlangoni penye mwanga. Alikaa nalo muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Wale kuku wawili waliokufa," alisema polepole, "niliwatupia mabaki ya kikapu kile ulichopukuchua."

"Kuku wamekufa kwa mdondo."

"Sisi tulisema ni mdondo."

Kisha akauliza lile ambalo mzee alikuwa akilikimbia kichwani mwake tangu mkono ulipokutana na joto. "Ya unga wa mtoto uliyatoa wapi?"

"Ya juu," mzee alisema. "Yalikuwa mazuri."

"Uliyaona?"

Hakuwa ameyaona. Kulikuwa na giza, alipapasa, na alikuwa na hasira. Na sasa mengine yakaanza kumjia moja baada ya jingine, kama wageni waliokuwa wakisubiri nje. Alimkumbuka msagaji akichota punje kiganjani, akizibana kwa meno na kusema, "Mzee, mahindi yako bado yana maji, yanasumbua mashine." Yeye alimjibu kwamba mashine yake ndiyo mbovu. Alimkumbuka bwana shamba katika mkutano wa wakulima, akieleza habari za sumukuvu: kwamba inatokana na ukungu, kwamba kuchemsha hakuiui, kwamba ini la mtoto mdogo haliiwezi. Katika mkutano ule mzee aliinua mkono, akasimama na kusema maneno yale waende wakawaambie wavivu. Watu walicheka. Yeye mwenyewe alicheka kuliko wote.

Na akakumbuka simu ya mwisho. Binti alisema mtoto amelala mchana kutwa. Yeye akajibu kwa majivuno kwamba hiyo ndiyo kazi ya chakula cha kweli, kinamlaza mtu.

Alishuka ngazi kwa kukosea vidato, akaingia ndani kuchukua simu, na simu ilikuwa imezima. Umeme wa nyumba yake ulikuwa wa kibao kidogo cha sola juu ya bati, fahari nyingine, umeme usiolipiwa mtu. Lakini kibao kile hakikuwa kimeona jua kwa siku kadhaa. Alibonyeza kitufe, akabonyeza tena kwa nguvu, kana kwamba simu ilikuwa inamfanyia kiburi.

"Nenda dukani ukaichaji," mkewe alisema.

"Jua litatoka."

Mkewe hakupandisha sauti. Hakuwa mtu wa kupandisha sauti. "Mume wangu," alisema, "mtoto anakula asubuhi na anakula mchana."

Mzee akavaa viatu.

Njia ya dukani ilikuwa matope matupu. Alikwenda akitembea ukingoni mwa mashamba ya watu, akishikashika ua ili asianguke, na njia nzima alikuwa akitunga uongo. Angesema unga umeingia wadudu. Hapana, binti angeuchekecha aendelee kupika. Angesema kuna mahindi bora zaidi anayatuma, asubiri. Hapana, angesema tunamalizia haya kwanza. Angesema mama yake ameota ndoto mbaya kuhusu uji. Huo ulikuwa uongo mzuri, mabinti husikiliza ndoto za mama zao, na aliubeba hatua nyingi kabla hajaona aibu na kuutupa.

Kila alipofikiri kusema ukweli wenyewe, alirudi kwenye uongo. Hakuwahi kuwa mtu aliyekosea kuhusu chakula. Mambo mengine, sawa: aliwahi kuuza ndama kwa hasara, aliwahi kugombana na shemeji yake kwa jambo la kipuuzi. Lakini chakula ndicho alichokuwa nacho. Ukimwondolea hicho anabaki mzee mmoja mwenye shamba dogo na mdomo mkubwa. Hilo lilimwuma, kisha likamwuma zaidi kuona kwamba linamwuma, wakati huko mjini huenda kijiko kilikuwa kinaelekea mdomoni kwa mtoto.

Kwenye baraza ya duka alikuwapo fundi cherehani akichapa mashine yake, na msagaji, ambaye siku za mvua hakuwa na wateja. Mwenye duka, mtu mnene mwenye maneno mengi, alimwona akija akaweka mikono juu ya meza.

"Mzee Chumvi. Juzi tu nimekuuzia. Mnaila kwa kijiko?"

"Nichajie simu."

"Sola imegoma? Ile isiyolipiwa mtu?"

Siku nyingine mzee angemrudishia mbili kwa moja. Leo alinyoosha tu simu kwa mikono miwili, kama anayeomba. Mwenye duka akaliona hilo. Akaichukua simu na kuichomeka nyuma ya mizani.

"Kaa basi," alisema. "Hiyo ikizima hivyo huchukua muda kuzinduka."

Mwenye duka akampa simu yake apige kwanza, lakini mzee hakuijua namba ya binti kwa kichwa. Namba ilikuwa ndani ya simu iliyokufa. Basi akakaa kwenye benchi, kati ya gunia la sukari na msagaji, akikitazama kile kioo cheusi. Hakuwa amewahi kukaa dukani pale. Mbele yake kulikuwa na rafu nzima ya pakiti za unga, zimepangwa kwa rangi, na ya katikati ilikuwa na picha ya mtoto mwenye mashavu, anacheka, mdomo umechafuka uji. Alipogeuza uso kushoto alikutana na msagaji. Alipourudisha mbele alikutana tena na mtoto yule.

"Ulisema yana maji," alimwambia msagaji ghafla.

Msagaji hakuelewa mara moja. Kisha akaelewa, akatazama vidole vya mzee, ambavyo vilikuwa bado na kijani kwenye kucha.

"Nilisema, mzee," alijibu taratibu. "Ila sikusema sana."

Cherehani ikanyamaza. Hakuna aliyeiambia inyamaze. Mzee alihesabu kucha zake, akazificha chini ya mapaja, akazitoa tena. Kila mteja aliyeingia alimsalimu na yeye akaitikia bila kusikia alichoitikia. Aliona mtoto amelala mchana kutwa, amelala tu, na binti yake anatembea kwa kunyata ili asimwamshe, huku akimshukuru baba kwa unga.

Simu ikawaka.

Alipiga mara ya kwanza, haikupokelewa. Alipiga mara ya pili, ikaita, ikaita, hadi mwenye duka naye akaacha kupima mchele. Waya wa chaji ulikuwa mfupi, kwa hiyo ilibidi ainame juu ya meza, karibu kabisa na uso wa mwenye duka, na hakukuwa na namna ya kuzungumza pale ambayo watu wasingesikia.

"Baba?" Nyuma ya binti kulisikika mashine nyingi za kiwandani. "Shikamoo. Kuna nini? Mama hajambo?"

"Marahaba. Mama hajambo. Hajambo kabisa. Hata hakohoi. Mume mwenzangu je?"

"Mzima, baba."

"Amekula?"

"Amekula. Nimemwacha na dada anayenilelea, amemaliza kikombe kizima cha uji wako."

Mzee alifumba macho. Uongo wote aliotunga njiani ulimjia ukiwa umejipanga, tayari kutumika. Alipiga moyo konde.

"Mwanangu, nisikilize. Asile tena huo unga. Hata kijiko. Unga wangu ni mbovu. Mahindi yameoza darini. Mimi ndiye niliyeyatoa na sikuyatazama. Yana ile sumu. Mwambie huyo dada ambebe mtoto sasa hivi hadi hospitali, awaambie amekula mahindi yenye ukungu, awaambie ni babu yake aliyemlisha. Na unga, nunua. Nenda dukani, mama, ununue wa pakiti."

Upande wa pili mashine zilisikika zikishona. Mzee aliita "Haloo," kisha akaita tena, akidhani chaji imeisha.

"Baba," binti alisema. Sasa alikuwa amesogea mahali penye utulivu, na alikuwa analia. "Baba, hajala."

"Umesema amemaliza kikombe."

"Amemaliza. Cha pakiti. Unga wako uko juu ya kabati, baba, kwenye ule mfuko wa mama. Sijaufungua."

"Hata siku moja?"

"Hata siku moja. Narudi kazini nimechoka, ule wa pakiti unaiva haraka, na mtoto alishauzoea. Nikasema nitaupika siku ukija kututembelea, uone." Akavuta kamasi. "Nimekuwa nikikudanganya. Kila siku. Nisamehe."

"Na kule kulala mchana kutwa?"

"Meno, baba. Usiku halali, meno yanamsumbua."

Mzee akajikuta ameketi juu ya gunia la sukari, waya umechomoka, simu bado sikioni inamalizia chaji yake kidogo. Ilikuwa furaha ya kumfanya mtu atake kulala palepale. Mtoto hajala. Alilirudia moyoni mara kadhaa, mtoto hajala, hajala. Kisha, furaha ikiwa bado mbichi, kitu kingine kikaingia kwa nyuma na kumchoma. Zile habari zote za kikombe, zile alizoziweka kifuani, hazikuwa zake.

"Kwa nini hukuniambia tu?" aliuliza. Hakuuliza kwa ukali. Alitaka kujua.

"Ningekuambiaje, baba? Ile mara niliyokuambia, hukupokea simu zangu."

Mzee aliwaza kwamba kama binti yake angekuwa mtiifu kweli, kama angemheshimu kama alivyotaka aheshimiwe, mtoto angekuwa amekula. Kilichomwokoa mjukuu wake ni kwamba mama yake alimwogopa babu tu bila kumtii, akamdanganya. Ligeuzwe upande huu au ule, halikuwa na upande wa kumpa sifa.

"Umefanya vizuri," alisema hatimaye. "Sikiliza, umefanya vizuri. Huo wa juu ya kabati utupe. Usimpe mtu, usimpe hata kuku. Mfuko uufue, mama yako atauulizia."

Simu ikazima kabla hajasikia jibu.

Pale dukani msagaji alikuwa akitazama mvua. Fundi cherehani alijifanya anatafuta sindano. Mzee alisimama akasubiri mwenye duka aseme neno lake, maana lilikuwa neno la kusubiriwa kwa miaka, na yeye mwenyewe kama angekuwa nyuma ya meza ile asingelikosa. Mwenye duka alijikuna kidevu.

"Chumvi?" aliuliza.

"Unga," mzee alisema.

Mwenye duka akageuka upesi, labda ili uso wake usionekane, akaweka mkono kwenye mfuko mkubwa wa rafu ya chini, ule wanaoununua watu wenye familia. Mzee akatikisa kichwa. Akanyoosha kidole chenye ukucha wa kijani kuelekea katikati ya rafu.

"Ule pale. Wenye mtoto."

"Huo ni wa watoto wachanga, mzee. Wa kuanzia kula. Nyinyi mtakula huu."

"Huu wa familia nao utanipa, hatuna kitu darini. Lakini nipe na ule. Ndio anaokula mume mwenzangu."

Alikataa kufungiwa kwenye gazeti. Alirudi kwa njia ile ile ya matope, mfuko mkubwa begani na pakiti yenye picha mkononi, nje nje, na waliokutana naye wakageuka kumtazama. Mkewe alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko tangu alipoondoka. Alipoona pakiti akashika mdomo, kwa kuwa hakujua maana yake ni nini.

"Hajala," mzee alisema kabla hajamfikia. "Mzima. Hakuwahi kula."

Mama akaketi kizingitini akalia kwa sauti, na mzee akasimama karibu naye na mizigo yake hadi alipomaliza. Kisha akamweleza yote, hata ile sehemu ya kutopokea simu. Walishinda siku ile wakiteremsha mahindi na kuyachimbia shimo mbali na kuku. Katikati ya kazi mkewe alisema kwamba kama ni moshi, anaweza kuyarudisha mafiga, msimu mmoja mmoja tu, kifua chake kitavumilia. Mzee akamwambia asilirudie tena neno hilo; mahindi atayatafutia mahali pengine, hata kama ni kwa kumwuliza bwana shamba.

Jioni mama alipika uji wa pakiti kwenye moto wa kununua. Ulikuwa mweupe, laini, hauna harufu ya moshi hata kidogo. Mzee aliupuliza, akauonja, akakaa nao mdomoni kwa muda. Mkewe alimsubiri aanze mahubiri.

"Mtamu," alisema, na ilimwuma kusema. Kisha akamaliza kikombe.